Utawa, ugo, mafungo, itikafu, khalwa: neno lipi kwa kujitenga kupi?

Siku moja nililetewa tafsiri ya makala kuhusu masista Wakarmeli niipitie kabla haijachapwa. Katika mstari wa tatu nikakuta: "Masista hawa wamefungiwa ndani maisha yao yote." Sarufi haikuwa na kasoro. Lakini msomaji wa Kiswahili akisikia mtu amefungiwa ndani, anamfikiria mtuhumiwa, au mtoto aliyeachwa peke yake nyumbani na kufuli mlangoni. Hamwoni mwanamke mzima aliyeingia kwa miguu yake, akakaa miaka ya unovisi akipimwa na kujipima, kisha akaweka nadhiri mbele ya watu. Nilikaa na mstari huo mmoja karibu saa nzima. Neno lililokuwa likitafsiriwa ni klausura, yaani mpaka wa sehemu ya monasteri iliyotengwa kwa wenyeji peke yao pamoja na sheria ya mpaka huo, na kila neno nililolijaribu mahali pake lilileta picha ambayo mwandishi wa asili hakuikusudia.

Tangu hapo nimekuwa nikiyapanga maneno haya mawilimawili, moja kando ya jingine, kila ninapotafsiri habari za dini. Ukiyatazama kwa mbali yote yanasema kitu kimoja: mtu kujitoa katika msongamano wa watu ili amwelekee Mungu. Ukisogea karibu, kila moja linatazama upande wake. Klausura inatazama mlango, khalwa inatazama chumba kitupu, na itikafu inamtazama mtu aliyeshikamana na mahali asipaache. Utawa unatazama nyumba na wanaokaa ndani yake. Mtafsiri anayechagua moja kati ya hayo anamwamulia msomaji atazame wapi, kwa hiyo inafaa ajue kila moja limetoka wapi.

Klausura: neno lililoanzia kwenye komeo

Klausura ni Kilatini, clausura, kutokana na kitenzi claudere, yaani kufunga. Ndugu yake wa karibu ni claustrum. Mwanzoni claustrum ilikuwa komeo la mlango, baadaye ikawa mahali palipozungushiwa, na katika majengo ya monasteri ikaishia kuwa ile baraza yenye nguzo inayouzunguka ua wa ndani. Hata clavis, ufunguo, ni wa ukoo huohuo. Wajerumani walilichukua claustrum wakapata Kloster, jina la monasteri nzima. Waholanzi wana klooster na Wapolandi klasztor. Basi kifaa cha mlangoni kikawa jina la nyumba.

Maneno mengine ya nyumba hiyohiyo yana asili nyingine kabisa. Monasteri inatoka katika Kigiriki monos, peke yake. Konventi inatoka katika Kilatini conventus, mkusanyiko. Jengo moja, watu walewale, na majina matatu: upweke, mkutano, komeo. Anayesema kwamba asili ya neno inatosha kumwambia maana yake aanze kwa kueleza hili.

Mimi hupenda kuanzia kwa Benedikto wa Nursia, kwa sababu kwake neno hili bado lina joto. Katika Kanuni aliyoiandika karne ya 6, sura ya 4, anaorodhesha kwanza vyombo vya kazi njema, kisha anasema karakana ambamo kazi hiyo yote inafanyika ni claustra za monasteri pamoja na kudumu katika jumuiya. Karakana! Seremala haoni kuta za karakana yake kuwa kizuizi. Zinamkinga na mvua na kumhifadhia randa. Sura ya 66 inamweka mlangoni mzee mwenye busara, anayejua kupokea ujumbe na kutoa jibu. Mgeni au maskini akibisha, bawabu huyu anatakiwa aitikie mara moja kwa kumshukuru Mungu. Sura hiyohiyo inaagiza kwamba, ikiwezekana, maji, kinu na bustani viwe ndani ya monasteri, ili wamonaki wasilazimike kuzurura nje. Kwa hiyo mlango wa Benedikto una kazi mbili, na ya kufungua imeelezwa kwa kirefu kuliko ya kufunga.

Baadaye neno likakaza, hasa kwa wanawake. Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII alitoa agizo linalojulikana kwa neno lake la kwanza, Periculoso, akitaka watawa wa kike wa mashirika yote, popote walipo, wakae ndani ya klausura ya kudumu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilikazia agizo hilo mwaka 1563. Vikaja vile vitu ambavyo watu wengi huvifikiria wakisikia neno hili: dirisha la nondo kwenye chumba cha wageni, pazia nyuma ya nondo, na kabati la kuzunguka ukutani ambamo chakula na barua huingia na kutoka bila mtoaji na mpokeaji kuonana.

Hapa mfasiri asipapase maneno. Wako wanawake walioingizwa monasterini na familia zao bila kupenda, mara nyingi kwa sababu mahari ya kuwaozesha mabinti wote, ambayo huko ilitolewa na familia ya binti, ilikuwa ghali. Arcangela Tarabotti, mtawa wa Venezia katika karne ya 17, aliandika kwa uchungu dhidi ya wazazi waliofanya hivyo. Mtaguso uleule wa Trento ulitamka laana juu ya yeyote anayemlazimisha mwanamke kuingia utawani. Ukitafsiri habari za wanawake hao, "walifungiwa" ndilo neno la kweli, na kulilainisha ni kuwadhulumu mara ya pili. Kosa la ile makala ya Wakarmeli lilikuwa kulitumia kwa watu waliochagua wenyewe.

Leo sheria ya Kanisa, kanuni ya 667 ya mwaka 1983, inataka kila nyumba ya kitawa iwe na sehemu iliyotengwa kwa ajili ya wenyeji peke yao, hata nyumba ya masista wanaoamka asubuhi kwenda zahanati na shuleni. Kwa monasteri zinazoishi maisha ya taamuli, yaani ya kutafakari na kusali kwa ukimya, nidhamu hiyo ni kali zaidi. Hati ya Papa Fransisko ya mwaka 2016 kuhusu wanawake wa taamuli inataja klausura ya kawaida, na baada yake ya kipapa, ya kikatiba na ya kimonaki. Ninayaeleza haya kwa sababu waandishi wengi wanadhani klausura ni kitu kimoja: ipo au haipo. Ukikutana na neno hilo katika maandishi, uliza kwanza ni ya aina gani.

Utawa: neno la pwani lililoingia kanisani

Hili ni letu, na lina historia ambayo wengi wanaolitumia kila siku hawaijui. Kitenzi ni kutawa: kukaa ndani bila kutoka. Pwani, mwanamke wa nyumba yenye heshima zake alisemwa "ametawa" kwa maana kwamba haonekani barabarani wala sokoni. Msichana aliyevunja ungo alitawishwa. Sifa ilikuwa ya mtu na pia ya nyumba yake, na hapakuwa na padri wala nadhiri hapo. Neno lilikuwa pia na maana ya uchaji: mtawa ni mtu aliyejitenga na mambo ya ovyo, amcha Mungu.

Wakristo walilikuta neno hili tayari limebeba mambo mawili waliyoyahitaji, kukaa ndani na kumcha Mungu, wakalichukua. Leo Mkatoliki wa Songea au Machakos akisema "mtawa" anamaanisha sista, bruda au mmonaki, na utawa ni hali yao ya maisha yenye nadhiri za useja, ufukara na utii. Maana ya kukaa ndani imefifia kabisa. Mtawa anaendesha gari, anafundisha kemia, anasimamia wodi ya wazazi. Ndiyo maana Idhaa ya Kiswahili ya Vatican na waandishi wengine wa Kanisa wakitaka kumtaja yule asiyetoka husema "watawa wa ndani" au "wamonaki wa ndani". Neno lililokuwa na maana ya ndani tangu kuzaliwa limelazimika kuongezewa "wa ndani". Lugha hufanya hivi bila kumwomba mtu ruhusa, na hakuna ubaya, ila mfasiri lazima alijue.

Kuna mtego mwingine jirani. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ya mwaka 1952, inatumia "utauwa" kwa uchaji. Kornelio katika Matendo ya Mitume 10:2 ni "mtu mtauwa", naye alikuwa akida wa jeshi mwenye nyumba na jamaa. Msomaji wa Kiprotestanti aliyelelewa na Biblia hiyo akisoma "utawa" katika makala yako huenda akaelewa uchaji wa mtu yeyote anayeomba kwa bidii, mke na watoto wakiwa kando yake. Ukiwaandikia wote kwa pamoja, sentensi moja ya kueleza mwanzoni inatosha: "utawa, yaani maisha ya nadhiri katika jumuiya".

Utawa na klausura si kitu kimoja

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni kulitia "utawa" kila mahali palipo na "klausura". Utawa ni maisha. Klausura ni mpaka wa mahali pamoja na sheria ya mpaka huo. Mtu anaweza kuwa na la kwanza kwa ukamilifu na la pili kwa kiasi kidogo sana. Wabenedikto wa Peramiho, waliofika huko mwaka 1898, ni wamonaki wenye Kanuni ileile yenye bawabu na kinu, lakini walifungua shule, hospitali, karakana za mafundi na kiwanda cha kuchapa vitabu. Vitabu vingi vya dini ambavyo wazee wetu walisomea Kiswahili vilitoka Ndanda na Peramiho. Huwezi kuandika kwamba watu hao waliishi "wamefungwa", wala huwezi kusema hawakuwa watawa.

Mfano ulionikaa moyoni zaidi ni wa Kipkelion, Kenya. Watrapisti walianzisha monasteri yao huko mwaka 1956. Hao ni wa taamuli hasa: ukimya, kazi ya mikono, sala usiku wa manane. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, jamaa hiyo iliondoka ikahamia Uganda. Hebu iandike habari hiyo kwa maneno yetu. "Waliacha utawa wao" ni uongo mtupu. Utawa wao waliondoka nao. Waliacha kuta, mashamba, kanisa na makaburi ya wenzao. Waliacha ugo, wakaenda kujenga mwingine. Habari hiyo moja inatenganisha maneno haya mawili vizuri kuliko ufafanuzi wa kamusi.

Nimesema ugo, na hilo ndilo neno ninalolipigania. Ugo ni uzio unaouzunguka mji wa mtu, uwe wa miti, mabua au makuti. Huujenga mwenye mji mwenyewe. Mgeni anasimama nje ya ugo akapiga hodi, wenyeji wakaamua aingie hadi wapi: barazani, uani, au asiingie kabisa. Ndani ya ugo kuna kazi, kuna kisima, kuna watu wanaofahamiana. Linganisha na sura ya 66 ya Benedikto uone jinsi picha hizi zinavyokaa pamoja. "Ugo wa monasteri" linaeleweka na Mkristo na asiye Mkristo bila maelezo, nalo halimgeuzi sista kuwa mfungwa. Waandishi wengine huliacha "klausura" kama lilivyo kwa tahajia ya Kiswahili. Katika andiko la sheria za Kanisa ninakubaliana nao, maana pale panahitajika neno lisilo na maana ya pili. Katika gazeti au hadithi, klausura ni ukuta mwingine kati ya msomaji na habari.

Mafungo: mzizi uleule, jambo jingine

Ajabu ni kwamba Kiswahili kinalo tayari neno lililoundwa sawasawa na klausura. Claudere ni kufunga, na kutoka kufunga sisi tumepata mafungo. Umbo ni lilelile, lakini maana zimeachana. Mafungo ni siku chache, tatu, nane, pengine mwezi mzima kwa wanaofuata Mazoezi ya Kiroho ya Ignasi wa Loyola, ambayo Papa aliyaidhinisha mwaka 1548. Unaingia mafungo, unatoka, unarudi kazini Jumatatu. Walei huenda, maaskofu huenda, vijana wanaojiandaa kwa ndoa huenda.

Tena kufunga kwetu kuna saumu ndani yake. Mtu akisema "nimefunga", mlango si jambo la kwanza linalokuja akilini. Kwa hiyo mafungo yamebeba harufu ya njaa ya hiari, ya kujinyima, hata pale ambapo chakula kinaliwa mara tatu kwa siku. Klausura haina harufu hiyo. Usiandike kamwe "mafungo ya maisha yote" kwa Wakarmeli au Waklara. Msomaji atadhani wana njaa tangu ujana. Na usiite klausura wikiendi ya sala ya kwaya ya parokia.

Itikafu: kushikamana

Upande wa pili wa barabara, msikitini, kuna maneno ambayo waandishi huyachukua ovyo. La kwanza ni itikafu. Mzizi wake wa Kiarabu ni ayn-kaf-fa: kushikamana na kitu, kukaa nacho usiondoke. Neno lenyewe halina upande. Katika Qurani 2:125 Ibrahimu na Ismaili wanaagizwa kuitakasa Nyumba kwa ajili ya wanaotufu (wanaoizunguka), wanaokaa itikafu, wanaorukuu na kusujudu. Na katika 20:91 mzizi huohuo unatumika kwa watu walioapa kuendelea kushikamana na ndama waliyemwabudu. Kwa hiyo uzito wote uko kwenye kile ulichoshikamana nacho.

Katika sheria, itikafu ni kukaa msikitini kwa nia ya ibada. Mtume Muhammad alikuwa akikaa siku kumi za mwisho za Ramadhani, na katika mwaka aliofariki alikaa ishirini. Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, saumu si sharti la itikafu, na hata muda mfupi wa kutulia msikitini ukiwa umenuia unatosha. Ndiyo maana wapo wanaonuia itikafu kila wanapoingia msikitini, hata wakisubiri sala ya Isha tu.

Ukitaka kuona tofauti ya itikafu na ugo wa Wakarmeli, soma hadithi mbili sahihi. Bibi Aisha anasimulia kwamba Mtume akiwa itikafuni alikuwa akimtolea kichwa kutoka msikitini, naye, akiwa chumbani kwake, anamchana nywele. Hakuwa akiingia nyumbani ila kwa haja ya kibinadamu. Na Bibi Safiya alikwenda kumtembelea usiku akiwa itikafuni, wakazungumza, kisha akainuka kumsindikiza. Mpaka upo na umechorwa, ni kizingiti cha msikiti, lakini kichwa kinapita na mke anakuja. Hakuna nondo. Mtu anaoa, analea, anafanya biashara, kisha anakaa siku zake kumi na kurudi kwa jamaa yake mwezi wa Shawwal ukiandama. Uislamu hauna utawa wa nadhiri za useja. Qurani 57:27 inauzungumzia umonaki kama jambo ambalo wafuasi wa Isa walilianzisha wenyewe. Kwa hiyo kumwita Mkarmeli "aliye katika itikafu ya kudumu", kama nilivyowahi kusoma, kunawakosea heshima wote wawili: unamvisha sista ibada isiyo yake, na unamwondolea Mwislamu kipimo cha ibada yake.

Khalwa: utupu, na tahadhari kubwa

Khalwa hutoka katika mzizi wa kuwa tupu, kuwa wazi bila mtu. Katika masimulizi ya mwanzo wa wahyi inaelezwa kwamba Mtume alipendezeshwa kukaa peke yake, akawa anakwenda pango la Hira. Masufi walilijengea neno hilo mafunzo kamili: mwanafunzi anakaa katika chumba chake kwa siku ambazo sheikh amempangia, mara nyingi arubaini, akiwa na nyiradi zake, yaani dua na dhikri za kurudiarudia. Tarika ya Khalwatiyya imepata jina lake hapo. Sudani neno hilohilo ni chuo cha kuhifadhishia Qurani, chenye kelele za watoto tangu alfajiri, jambo linaloonyesha jinsi neno linavyoweza kusafiri mbali na chumba kitupu.

Sasa tahadhari. Katika mawaidha na vitabu vya fikihi tunavyosomeshwa huku kwetu, khalwa unayoisikia zaidi ni ile ya haramu: mwanamume na mwanamke wasio maharimu, yaani si mume na mke wala si ndugu wasioweza kuoana, kuwa faraghani peke yao. Andika "sheikh aliingia khalwa" bila maelezo, na nusu ya wasomaji watashtuka. Ukihitaji neno hili, lifungamanishe: "khalwa ya dhikri", "khalwa ya siku arubaini". Au tumia faragha, ambayo nayo inatoka katika Kiarabu cha utupu, ila kwetu imetulia na haimtii mtu wasiwasi. Faragha ina udhaifu wake: ni ya kila jambo, kuanzia maongezi ya mume na mke hadi kikao cha kamati.

Tofauti yake na itikafu ni nyepesi kuikumbuka. Itikafu ina mahali palipowekwa na sheria, na watu wako kando yako wakisali na kukoroma. Khalwa haihitaji msikiti. Inachohitaji ni kutokuwapo mtu mwingine. Kwa Wakristo jirani ya khalwa ni ukaapweke, maisha ya Antoni wa Misri jangwani katika karne ya 3 na ya 4, wala si monasteri. Pakomi, aliyezaliwa baada ya Antoni kama miaka arobaini hivi, ndiye aliyewakusanya wapweke wakala pamoja na kufanya kazi pamoja.

Wanaokaa ndani bila kuwa watawa

Kizuka, yaani mjane, anakaa eda miezi minne na siku kumi. Mwali anakaa ndani akifundwa. Hizo ni njia za kujitenga ambazo watu wetu wanazijua vizuri kuliko monasteri yoyote, na mwandishi anayetafuta mfano huvutwa nazo. Eda asili yake ni kuhesabu, na kweli ni siku zinazohesabiwa. Mwali anatoka akiwa na ngoma na nguo mpya. Wote wawili wanaelekea kutoka. Sitazitumia kumweleza mtawa wa ndani, isipokuwa kwa kusema wazi kwamba yeye haelekei kutoka.

Lakini zimenifundisha jambo moja la lugha. Tunasema kukaa eda. Tunasema kukaa itikafu. Mtu wa jangwani ni mkaapweke. Kutawa kwenyewe, ukimwuliza bibi yeyote wa Lamu au Tanga, atakuambia ni kukaa ndani. Mlatini alisimama mlangoni akataja komeo; Mswahili anaingia ndani na kutaja mtu anayekaa. Kitenzi kiko mikononi mwa mkaaji mwenyewe, si mwa mwenye ufunguo. Ukiondoa mafungo, ambayo yana saumu ndani yake, sijapata neno letu jema la kujitenga kwa ibada linaloanza na kufungwa.

Jinsi ninavyochagua

Nikitafsiri hati ya Kanisa yenye vifungu na namba, naandika klausura, na mara ya kwanza naieleza kuwa ni ugo wa monasteri na sheria yake. Nikiandikia gazeti linalosomwa na kila mtu, naanza na ugo na kulitaja klausura mara moja tu kwa anayetaka kujua. Utawa nauweka kwa maisha ya nadhiri, iwe sista anatoka au hatoki. Taamuli nalitumia kwa sala yao, na sitaki lifanye kazi ya ukuta. Mafungo ni kwa siku zinazohesabika za Wakristo, itikafu ni ya msikitini na ya Waislamu tu, na khalwa siiandiki bila neno la kuishikilia. Katika hadithi ya kubuni, ambapo mhusika ni mwanamke wa Unguja wa miaka ya zamani, kutawa katika maana yake ya kwanza ni hazina. Mwache msomaji akisikie kitenzi hicho kabla kanisa halijakigusa.

Palipo na shaka mimi hujiuliza swali moja: mwandishi wa asili ananionyesha mlango, chumba, siku, au mtu? Akinionyesha mtu, natafuta sentensi yenye kukaa.

Ile ya Wakarmeli tuliirudisha hivi: "Masista hawa hukaa ndani ya ugo wa monasteri yao maisha yao yote, kwa nadhiri waliyoiweka wenyewe." Mtafsiri aliisoma mara mbili, akauliza kama neno "ugo" halitaonekana la kijijini mno. Nikamwambia aliache.